Fundi Anajibu: Kabla hujapaka rangi Land Rover ya jeshi, muite mzee aliyeiendesha

Wapendwa wasomaji, toleo lililopita niligusia kidogo tu habari za Land Rover za zamani zilizotoka jeshini, na barua zilizokuja baada ya hapo zimenishangaza kwa wingi wake. Nimeona leo nijibu hizo tu, wa gia boksi na wa radieta mnisubiri. Karibu wote mnataka kitu kimoja, kufufua gari la kijeshi ili kuwaenzi wazee waliopigana, na wa Tanzania wengi mnaulizia Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Nimefurahi mno. Ila nina maneno mawili matatu magumu kidogo, mnivumilie.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni msomaji wenu wa Muleba, Kagera. Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa jeshi kwenye vita vya Kagera na hapa kwetu wapo wazee wengine kadhaa waliokwenda. Sisi vijana tumechangishana tukanunua Land Rover 109, ile ndefu, iliyokaa miaka mingi imeegeshwa kwenye migomba, juu imepakwa nyeupe ila ikichubuka chini inatokea kijani. Nyuma kwa chini difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli) imepakwa rangi nyeupe na juu yake kuna kataa kadogo sana hatujui ka nini, halafu kuna nafasi ya betri mbili. Tunataka iwe mpya kabisa, tupige rangi ya madoadoa ya jeshi, tuweke namba za jeshi na ubavuni tuandike ILIPIGANA KAGERA 1978-79, tuwabebe wazee Siku ya Mashujaa. Hela si nyingi. Tuanzie wapi, na je kweli ni ya jeshi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni wote mliotoa mchango. Naanza na hako kataa maana ndo kamenifanya niisome barua yako mara mbili. Hiyo ni taa ya msafara. Usiku magari ya jeshi yakitembea taa kubwa zimezimwa ili adui asiyaone, dereva anawasha hako tu, kanamulika ile difu nyeupe, basi dereva wa nyuma anakiona kidoa cheupe chini ya gari la mbele yake anakifuata hichohicho, na aliye mlimani au angani haoni kitu. Gari la shamba halina kazi na taa ya namna hiyo. Ukijumlisha na nafasi ya betri mbili, maana zile za jeshi zilizoandaliwa kufungwa redio zilitumia umeme wa volti 24 badala ya 12, basi kuna kila dalili kwamba gari yenu iliagizwa kwa matumizi ya jeshi.

Endeleeni kuikagua. Angalieni kama nyuma ina bampa mbili fupi fupi nene, moja kila upande, badala ya kona tupu. Angalieni kama kuna vishikio vya sepeto na shoka, vibano vya kushikia bunduki karibu na viti, matundu ya boliti sakafuni pasipo na kitu kimefungwa. Halafu kuna mwaka, na hapa watu wengi wanateleza: kama saa ya spidi na geji ziko katikati ya dashibodi hiyo ni Series IIA au ya kabla yake, kama ziko mbele ya dereva hiyo ni Series III, na Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985. Sasa gari iliyotoka kiwandani 1982 haiwezi kuwa ilipigana 1978, hata iwe na taa za msafara kumi. Namba ya chesisi mtaikuta imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na pale springi inaposhikwa, sugueni taratibu kwa brashi ya waya msije mkaifuta.

Tukija kwenye yale maandishi ya ubavuni, hapo naomba mnisikilize vizuri. Msiandike ILIPIGANA KAGERA mpaka muwe na uhakika. Gari kuwa la jeshi na gari kuwa lilivuka mto Kagera ni mambo mawili tofauti, jeshi lilikuwa na magari nchi nzima. Na wazee wenyewe watawaambia kwamba kwenye vita ile magari ya raia nayo yalichukuliwa, malori na mabasi, na madereva wake wakaenda nayo, kwa hiyo inawezekana kabisa Bedford ya ushirika iliyooza pale sokoni imeona mengi kuliko Land Rover yenu. Tena askari wengi wa miguu walitembea. Kutoka Mutukula pale mpakani mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na watu walizitembea na mizigo mgongoni, kwenye mvua, wakipigana njiani. Mzee aliyekwenda kwa miguu mpaka Kampala ukimpandisha kwenye gari iliyoandikwa uongo ubavuni ataona, atanyamaza kwa adabu tu, ila ataona. Andikeni ukweli mnaoujua: hii ni gari ya aina waliyoendesha wazee wetu. Hiyo inatosha na haina mtu atakayeipinga.

Kwa hiyo tunaanzia wapi? Si kwenye spana. Kabla hamjafungua boliti hata moja, kamleteni baba yako mdogo, mkalisheni kwenye kiti cha dereva, mpeni muda, na simu iwe inarekodi (muombeni ruhusa kwanza). Msimuulize maswali ya shuleni. Muulizeni jeri za maji zilikaa wapi, turubai lilifungwaje, walilala ndani au chini ya gari, gari ikikwama kwenye tope walifanyaje, nani alikaa pembeni yake. Muulizeni alikuwa wapi Mwalimu Nyerere alipohutubia taifa Novemba 1978, na alipitaje Kyaka ilhali daraja lilikuwa limelipuliwa. Mikono ya dereva ina kumbukumbu yake, atashika gia na maneno yatakuja. Halafu waleteni na wale wengine. Kijana wa miaka 20 mwaka 1978 leo ameshapita 65, na hao ndo walikuwa wadogo kabisa. Rangi mtaipaka hata mwakani, haya mazungumzo hayasubiri mwakani.

Kuna faida nyingine ya kiufundi hapo, wazee ndo watawaambia kitu gani kirudishwe na kipi kiachwe. Mkiniuliza mimi, msiifanye mpya kabisa. Mkikuta mkunjo kwenye mlango au tundu lililozibwa kwa bati na ribiti, muacheni fundi bodi asilinyooshe mpaka mjue limetoka wapi. Ng'oeni kutu, zibeni panapovuja, imarisheni panapobeba uzito, ila makovu yabaki. Gari iliyonyooshwa ikang'aa kila mahali haina tena la kumwonyesha mtoto wa shule atakayekuja kuuliza.

Rangi ya madoadoa achaneni nayo kabisa. Kwanza mna rangi yenyewe hapohapo chini ya nyeupe, kwa nini mbuni nyingine? Tafuteni mahali pasipopigwa jua, nyuma ya dashibodi, ndani ya sanduku la kiti, chini ya kibamba chochote kilichofungwa kwa skrubu. Chukueni msasa wa maji namba 400, sugueni kwa mduara mdogo kama sarafu huku mkimwagia maji, kisha malizieni na namba 800, mtaona matabaka yanajitokeza moja nje ya jingine: nyeupe, labda kijivu, kijani, praima. Hiyo kijani pelekeni kwenye duka la kuchanganya rangi waitafute hiyohiyo, isiyong'aa. Msisugue pakavu, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani yake na vumbi lake ni sumu, vaeni barakoa.

Pili, sheria. JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, imeshawaonya raia hadharani kuhusu kuvaa na kumiliki nguo zinazofanana na sare zake, sasa kikundi cha vijana kinachopita barabarani, tena mkoa wa mpakani, na gari la madoadoa lenye namba za jeshi mnajitafutia kesi bure. Namba za jeshi msithubutu hata kwa kupiga picha. Gari isajiliwe kwa namba ya kiraia, iwe na bima, na mwandikie barua mkuu wa wilaya na kambi ya jeshi iliyo karibu mkieleza mnachofanya, mapema, si wiki ya sherehe. Mkiweka wazi toka mwanzo mnaweza hata kupata baraka zao na nafasi ya kuifikisha gari kwenye makaburi ya mashujaa pale Kaboya, ambapo kwenu Muleba si mbali.

Sasa ufundi, na hela yenu ndogo iende huku. Chesisi. Bodi ya Land Rover ni alumini haishikwi na kutu ile ya kula chuma, na hilo ndo linalowadanganya watu, gari inaonekana nzima kumbe mgongo umeliwa, maana chesisi ni boksi la chuma na linaoza kwa ndani. Mlaze mtu chini na nyundo ndogo, agonge kila baada ya shubiri moja. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa na nyundo inabonyea. Sehemu za kwanza kuoza ni ule mhimili wa nyuma kabisa panapofungwa tela, mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na pale springi zinapofungwa. Ukuta wa mbele kati ya injini na miguu nao ni chuma, chini ya zulia la miguu angalieni. Fundi wa kuchomelea asiwawekee bati la mabati juu ya kutu, akate mpaka afike kwenye chuma kizima, aweke chuma cha milimita 2 ambao ndo unene wake wa asili, amalize kwa kumwaga mafuta mazito ya kuzuia kutu ndani ya boksi.

Pale alumini inapokutana na chuma mtaona unga mweupe. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye unyevu alumini ndo inaliwa, kwa hiyo mkirudisha wekeni rangi na kipande cha mpira katikati, boliti msikaze chuma kwa alumini tupu. Na alumini inataka praima yake ya kuuma (etch primer), mkipaka praima ya kawaida mwaka haupiti rangi inabanduka kama ganda la ndizi.

Breki zote zifunguliwe, mipira ya kwenye wili silinda ibadilishwe yote hata inayoonekana nzima, na paipu za chuma zikaguliwe kila sehemu. Breki shuu za zamani zina asbesto, vumbi lake msilipulize kwa kompresa hata kidogo, loanisheni kwa maji mpanguse kwa kitambaa kisha mkitupe kwenye mfuko uliofungwa.

Na jambo ambalo sijaona mtu amelifikiria: mzee wa miaka 70 ana magoti. Nyuma ya 109 ni juu. Tengenezeni ngazi ya hatua mbili inayofungwa na kufunguliwa bila kutoboa bodi, mabenchi yawe na godoro jembamba, kuwe na mshikio wa kuinukia, na mwendo uwe wa kilomita 30 kwa saa. Hiyo ngazi kwangu mimi ina heshima kuliko rangi yote.

La mwisho mwanangu. Mko karibu na mpaka, mna wakwe na wajomba Kyotera na Masaka. Kule nako watu walifiwa, na Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na Watanzania kumtoa Idi Amin. Msiandike maneno ya kuwatukana Waganda kwenye hiyo gari. Majina ya waliofariki wa kijiji chenu yaandikwe kwenye ubao unaobebwa ndani, kila familia ikikubali yenyewe. Na mkichimba huko mlikoitoa gari mkikuta kitu cha chuma msichokijua msikiguse, iteni polisi.

SWALI: Fundi habari, niko Morogoro, tumepata Land Rover ya petroli ya wazee wa jeshi la zamani, injini imegoma haizunguki hata kwa jeki. Jirani anasema tuikokote na trekta itaachia. Kweli?

JIBU: Hapana! Mkiikokota mtavunja ringi au mtapinda koneki rodi, na injini ambayo ingetengenezeka inakuwa chuma chakavu. Fungueni plagi zote nne, mimina kwenye kila silinda mafuta ya taa yaliyochanganywa nusu kwa nusu na mafuta ya gia boksi za otomatiki, acheni. Kesho yake ongezeni. Baada ya wiki ingizeni ile hendeli ya kuwashia kwa mbele, maana hizi injini zina nafasi yake, mjaribu kusukuma kidogo mbele na kidogo nyuma, kidogo tu, si kwa kuning'inia watu watatu. Ikigoma rudieni. Mara nyingi kilichoshika ni kutu nyembamba kwenye silinda moja au mbili ambazo valvu zilibaki wazi gari lilipoegeshwa. Ikiachia msiwashe papo hapo: mwageni oili yote ya zamani, safisheni tangi na kabureta maana petroli iliyolala inageuka gundi, izungusheni kwa mkono plagi zikiwa nje mpaka oili ifike juu, ndo mrudishe plagi. Mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-3-4-2, waya zikichanganywa mtalaumu kabureta bure.

SWALI: Niaje fundi, mimi ni wa Machakos. Guka wa mke wangu na babu yangu mimi wote walikuwa Keya, lile jeshi la King's African Rifles la Waingereza, wakapelekwa Burma. Nimepata jeep ya Mahindra kwa bei poa sana, nataka niibadilishe ikae kama ile Willys ya World War Two niipeleke kwa hafla ya familia. Kuna ubaya?

JIBU: Hakuna ubaya wowote ndugu yangu, mradi useme ni mfano. Na una bahati, Mahindra si mgeni kwenye ukoo huo, walianza kuunganisha jeep za Willys India mwaka 1947, kwa hiyo damu ni moja ingawa si gari lilelile. Watu wanaojua watakukamata kwa mambo manne. Grili: Willys MB ya vitani ina matundu tisa, za kiraia zilizofuata zina saba. Boneti: kama yako imetokana na CJ-3B, moja ya hizo za kiraia, boneti iko juu sana, kwa sababu injini yake ilikuwa ndefu kwenda juu, ya MB iko chini na bapa. Usukani: za vitani zilikuwa za mkono wa kushoto, yako naamini ni ya kulia. Umeme: MB ilitumia volti 6. Grili na kioo cha mbele kinacholala unaweza kubadilisha kwa fundi wa bati mzuri, usukani na umeme uache kama ulivyo, utaendesha kwa usalama zaidi.

Lakini wewe unataka kuwaenzi, kwa hiyo jaza hiyo gari na habari zao. Babu zako huenda walikuwa kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, maana ndiyo iliyobeba bataliani nyingi za Keya kule, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (leo Malawi). Walishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika, malaria imejaa, barabara imegeuka tope, chakula na risasi vinadondoshwa na ndege, wakafika Kalewa mapema Desemba, na hapo wahandisi wakatandika juu ya mto Chindwin daraja la Bailey (la vipande vya chuma vya kuunganisha) linaloelea lenye urefu wa futi 1,154. Jeep kwenye mazingira yale haikubeba maofisa tu, ilibeba na machela za majeruhi. Kwa hiyo kama unataka kuweka kitu kimoja cha kweli kwenye jeep yako, weka vishikio vya machela. Alama ya divisheni yao ilikuwa kichwa cha kifaru, ichore ndogo kwenye bampa kama bado kuna mzee au picha ya nyumbani inayothibitisha kuwa walikuwa humo.

Halafu kabla ya hafla fanya safari moja mpaka Ngong Road, kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, ipo kumbukumbu ya Afrika Mashariki yenye majina. Na kule Burma, Taukkyan, kuna mnara wenye majina karibu 27,000 ya wasiojulikana makaburi yao, na wa kwetu wamo. Rekodi zake zinatafutwa kwa jina la ukoo, ila jaribu tahajia zote, karani wa Kiingereza aliandika jina la Kikamba alivyolisikia. Ulizeni na nyumbani kama kuna medali kwenye sanduku la bibi, ukingoni mwa nyingine kuna namba ya askari imechorwa. Ukiipata, utafutaji unakuwa mwepesi kuliko kwa jina tupu.

SWALI: Naitwa msomaji wa Coventry Uingereza, kwetu Bukoba. Nimesikia ndugu zangu wa Kagera wanafufua Land Rover, mi niko huku zilikotengenezwa, nitume nini?

JIBU: Asante sana kwa moyo huo. Uko jirani kabisa, Solihull zilikotoka si mbali nawe. Cha kwanza hakina uzito wa mzigo: waombe namba ya chesisi, halafu uliza kwenye jumba la makumbusho ya magari ya Uingereza lililoko Gaydon, wanatunza kumbukumbu za kiwanda na wanatoa cheti kinachoonyesha gari lilijengwa lini na lilipelekwa wapi. Kinalipiwa. Hakitasema kama lilifika vitani ila kitamaliza ubishi wa mwaka.

Kwenye begi weka vitu vidogo: seti za mipira ya wili silinda na masta silinda, poinzi na kondensa, sili za mafuta za ekseli, gasketi ya silinda hedi. Usinunue milango wala mabati, hivyo mafundi wetu wanavikunja vizuri. Muulize kwanza aliyeko Muleba ni breki za saizi gani maana 88, ile fupi, na 109 hazilingani, wengi wanatuma mzigo mzima unakaa kabatini.

SWALI: Mhariri, mimi ni mstaafu wa jeshi, Tabora, nilikuwa dereva vita ya 1978-79. Nasoma mnavyohimiza vijana kufufua magari. Ni vizuri. Lakini wenzangu wengine wana shida za matibabu na hakuna anayewatembelea, gari lipakwe rangi mzee alale njaa? Pia naona vijana hawa hawajui kuendesha zile gari, gia wanazikwangua mpaka unasikia uchungu. Mimi naweza kuwafundisha, ila nani ataniuliza?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeiweka mwisho ili wote walioniandikia leo waisome. Uko sahihi, na sitaki kuizunguka: kikundi chochote kinachochangisha hela ya gari kipange toka siku ya kwanza kwamba sehemu ya mchango ni ya wazee, bima ya afya, miwani, nauli ya kwenda hospitali, na hiyohiyo gari ikishatembea iwe ndo inayowapeleka. Land Rover inayotoka gereji mara moja kwa mwaka kwa sherehe na kurudi chini ya turubai siioni faida yake. Ikimpeleka mzee kliniki kila mwezi, kijiji kizima kitaona kwamba mnamaanisha.

Na kuhusu kufundisha, vijana wa Muleba na Morogoro, mmeulizwa swali hapo, mtafuteni mstaafu wa kwenu leo. Mzee anachosema cha kukwangua gia kina sababu. Series IIA gia ya kwanza na ya pili hazina sinkronaizi, yaani hakuna kitu cha kuzilinganisha gia spidi zake kabla hazijaumana, kazi hiyo anaifanya dereva kwa miguu yake. Anaposhuka kutoka ya tatu kwenda ya pili anakanyaga klachi, anatoa gia anaweka huru, anaachia klachi, anagusa mafuta kidogo injini ipande, anakanyaga klachi tena ndo anaingiza ya pili. Hiyo ndo dabo klachi. Kwa anayejua inachukua muda wa kupepesa macho, na gia inaingia kimya. Kwa asiyejua meno yanaliwa, na gia boksi nzima kuipata siku hizi ni kazi.

Mzee, nikuombe ukianza kuwafundisha uwaanzishie gari likiwa limesimama injini imezimwa, wafanye miguu tu mpaka wazoee, halafu uwanja wa mpira, halafu mteremko mdogo. Waeleze pia lile lever jekundu na lile la njano, lipi la kushusha gia nzito na lipi la kuunganisha magurudumu ya mbele, maana nimeona watu wanaliingiza lile jekundu gari likiwa kwenye mwendo. Na awepo kijana mmoja wa kurekodi unavyoeleza, picha iwe ya miguuni.